Klachi Aliyoifunga Delbert

Jumatano asubuhi, siku mbili baada ya Delbert Hufnagel kufariki, niliwasha gari lake kwa mara ya kwanza tangu tulifanyie giaboksi ovaholi, kuifungua yote na kuifunga upya. Nikatia rivasi, na gari halikusogea.

Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu. Nilikanyaga mafuta kidogo, ikanguruma zaidi, gari likabaki palepale. Nikatia gia ya mbele, likatoka gereji bila shida, nikalipeleka kwenye ile barabara ya mashambani inayopita nyuma ya kanisa la Wamethodisti, katikati ya mahindi yaliyokwisha kukauka. Gia ya kwanza safi. Ya pili safi, tena iliingia kwa upole hata nikatabasamu. Wakati wa gia ya tatu ulipofika, injini ikapiga kelele peke yake na gari likaanza kupoteza mwendo. Nikaachia mafuta, nikageuza mbele ya ghala la watu, nikarudi na gia ya pili.

Mimi ni Ardith Plank, fundi wa giaboksi za otomatiki, na katika wilaya yetu hapa Ohio wanaonipita kwa kazi hii ni wachache. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kazi nilifundishwa na Delbert. Nilikuja kwake nina miaka thelathini na mbili, nimeachika, najua kuendesha forklifti na kujibizana na wanaume, basi. Alinifundisha miaka ishirini na sita, na alipochoka akaniachia gereji. Hakuna mtu niliyemheshimu kama yeye, wala hakuna aliyenitukana kwa ufasaha kama yeye.

Gari lenyewe ni Pontiac ya mwaka 1966, ya bluu, yenye paa la turubai linalokunjwa. Delbert alilinunua kabla hajaoa. Maziko yalikuwa Jumamosi, na chama chetu cha magari ya zamani kina desturi yake: mwenzetu akifa, gari lake ndilo linalofuata nyuma tu ya gari la jeneza, na sisi wengine tunafuata na yetu. Lakini lazima liende kwa nguvu zake lenyewe. Miaka tisa iliyopita gari la Harlan Biggs liliburutwa hadi makaburini juu ya trela, na mpaka leo mjane wake akiingia kanisani kuna wanaonong'ona. Mavis, mke wa Delbert, alikuwa ameniomba jambo moja tu. Alitaka akae kwenye gari la mumewe, mwanawe Loren aendeshe, waende mpaka kaburini na warudi nalo nyumbani.

Sasa, njia ya makaburi yetu ni nyembamba na inaishia ukutani. Ukiingia, unatoka kinyumenyume.

Nilikaa ndani ya gari lile nimeshika usukani, na ukweli ni kwamba nilijua. Katika giaboksi ya aina ile klachi moja ndiyo inayobeba gia ya tatu na rivasi. Zikikosekana zote mbili kwa pamoja, huna haja ya kwenda mbali. Tatizo liko kwenye klachi ile, na klachi ile aliifunga Delbert.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Saratani ilikuwa imeshamla, suruali inashikiliwa na mikanda ya mabegani, lakini kila asubuhi Mavis alimleta gereji na kumwacha kwenye kiti kando ya meza yangu. Giaboksi niliifungua mimi, nikaosha mimi, nikapanga vipande kwenye taulo. Siku moja akasema, "Nipe hiyo ngoma." Ngoma ndicho chombo cha chuma ambamo sahani za klachi hukaa. Ndani yake kuna pistoni yenye sili za mpira, na kila sili ina mdomo mwembamba ambao lazima uuingize polepole kwa waya, kidogo kidogo, mzunguko mzima. Mkono ukitetemeka, mdomo unajikunja au unakatika.

Mikono yake ilitetemeka. Alichukua karibu saa nzima. Mimi nilijifanya nasafisha bomba la oili ambalo nilishalisafisha jana yake.

Alipomaliza aliisukuma ngoma upande wangu, akanitazama. Kuna sheria moja katika gereji ile, na aliitunga yeye: hakuna klachi inayoingia kwenye giaboksi kabla haijapimwa kwa upepo. Unachukua bomba la kompresa, unapuliza kwenye tundu la oili, unasikiliza. Klachi nzima inagonga mara moja, mlio mzito, kisha kimya. Ikiwa sili imekatika unasikia upepo unavuja. Kwa miaka ishirini na sita Delbert alipima kila klachi niliyofunga, hata nilipokuwa nimeshakuwa bingwa, hata mbele ya wateja. Nilimchukia kwa hilo siku nyingi.

Nami niliichukua ngoma yake nikaitia ndani bila kupuliza. Nilisema, "Ya kwako haihitaji kupimwa, mzee." Niliona nimemheshimu. Yeye akaomba apelekwe nyumbani mapema. Kesho yake alilazwa, na gari likabaki juu ya mawe mpaka rejeta ya kupoza injini iliporudi kutoka kwa fundi wake, na rejeta ilirudi Delbert akiwa ameshakufa.

Basi Jumatano ile, badala ya kufanya nilichojua, nilianza kutafuta kisingizio. Nilipima oili, injini ikiwa ya moto na inazunguka, kama inavyotakiwa. Ilikuwa sawasawa kwenye alama. Nikaongeza kidogo hata hivyo, kisha nikaona aibu, nikaitoa. Nikalala chini ya gari nikafungua rodi ya gia, nikairekebisha, nikaifunga tena, nayo haikuwa na kosa. Kuna mpira mwembamba wa kupitisha hewa unaotoka kwenye injini kwenda kwenye giaboksi, ndio unaoiambia gari limebeba mzigo kiasi gani. Nikautoa mpira mzima usio na ufa hata mmoja, nikatia mwingine. Nikajaribu. Rivasi hakuna, gia ya tatu hakuna.

Mavis alipiga simu saa saba. "Linaendeleaje gari?"

"Vizuri," nikasema.

"Halijambo?"

"Halijambo, Mavis. Mambo madogo madogo tu."

"Kazi ya Delbert haijawahi kurudi gereji," akasema, na nikasikia anavyojivunia. Nilikata simu nikiwa na uchungu wa uongo wangu mwenyewe.

Alhamisi Loren akaja. Anafanya kazi ya bima Columbus, ana miaka arobaini na minne, na kwa miaka mingi tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Hakunipenda, nami sikumlaumu. Baba yake alinipa mimi saa ambazo yeye alizingoja nyumbani. Alisimama mlangoni akiwa na shati jeupe.

"Umekuja kuandikia gari bima?" nikamwuliza.

"Nimekuja kulijaribu. Kesho kutwa mimi ndiye nitakayeliendesha, au umesahau?"

"Na viatu hivyo?"

"Viatu vinakanyaga mafuta kama vingine, Ardith."

Nikampa funguo. Alitia rivasi. Akatazama nyuma, akanitazama mimi, akakanyaga mafuta. Gari likanguruma mahali pamoja.

"Halirudi nyuma," akasema.

"Nimeona. Ni mpira. Nimeagiza mpira mwingine."

"Mpira upi?"

Nikamwonyesha. Akainama na shati lake jeupe, akaushika. "Huu ni mpya. Bado una unga wa dukani."

"Tangu lini watu wa bima wanajua mipira?"

"Ardith, nimekulia nyumba gani? Nilikuwa nakula chakula cha jioni na majadiliano ya presha ya oili. Umepima presha?"

Sikuwa nimepima, na nilijua kwa nini. Nilileta geji ya presha, tukaifunga ubavuni mwa giaboksi, yeye akawa ndani anabadilisha gia, mimi chini nasoma. Presha ilikuwa nzuri kila mahali. Maana yake pampu ilikuwa inafanya kazi yake, na oili ilikuwa inaingia kwenye ile klachi na kupotea humohumo. Hakukuwa tena na kitu cha nje cha kulaumu. Nilibaki nimelala chini ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika, natazama tumbo la giaboksi niliyoipaka rangi mimi mwenyewe.

Loren akashuka akachuchumaa. "Basi ni ndani."

"Ni ndani."

"Fungua."

"Sifungui."

"Kwa nini?"

Nikatoka chini nikasimama. "Sikiliza. Msafara unakwenda mwendo wa miguu. Gia mbili zinatosha kabisa. Pale makaburini tutaweka watu sita walisukume nyuma, dakika mbili, limetoka. Baadaye nitafungua taratibu, peke yangu."

"Lisukumwe? Mbele ya washindani wenu akina Wendell Oakes? Mama asikilize wanavyocheka?"

"Waseme ni mimi. Nitasema nimekosea mimi. Jina langu linaweza kubeba hilo."

"Ulikosea wewe?"

Nikainama nikaanza kufungua geji.

"Nani alifunga klachi, Ardith?"

"Alifunga yeye," nikasema. "Mikono ilikuwa inatetemeka. Na mimi sikuipima. Ndiyo kazi yake ya mwisho duniani, Loren, na ina kosa, na sitaki mtu yeyote aione. Hata mimi sitaki kuiona. Ameniheshimisha maisha yangu yote, acha nami nimstahi mara moja."

Loren alikaa kwenye kiti cha baba yake kando ya meza. Sikupenda akae pale, lakini ningemwambia nini. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Alinipigia simu siku ile aliyoifunga," akasema. "Hakuwa mtu wa kupiga simu, unamjua. Nilikuwa kwenye kikao nikatoka nje. Akasema, 'Loren, njoo Jumapili, nimekwisha.' Nikamwambia, baba, daktari amesema mpaka Krismasi. Akasema, 'Daktari hajui. Ardith hajapima klachi yangu.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Sikumwelewa, nikamwuliza, sasa si amekuamini? Akacheka kile kicheko chake kibaya. Akasema, 'Hakuniamini. Amenihurumia. Unampima mtu unayetegemea arudi kazini kesho.' Kisha akasema alikaa pale akisubiri uchukue bomba la upepo. Alijua ameikata sili. Aliisikia kwenye waya. Alikuwa anasubiri umtukane, afungue, arudie."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya gereji kwenye rundo la matairi na nikalia kwa hasira, maana kwanza ilikuwa hasira. Nilimkasirikia yeye. Angesema neno moja tu, mzee mwenye kiburi yule! Maneno matatu: nimekata, nipe nyingine. Miaka ishirini na sita hakukosa maneno ya kunisema. Halafu hasira ikaisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nilimwona amekaa kwenye kiti chake, ananitazama naitia ngoma ndani bila kuipima, na kwa mkono wangu huo huo namwambia kwamba ameshakufa.

Niliporudi, Loren alikuwa amevua shati, amevaa ovaroli ya baba yake iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango. Ilimbana tumboni.

"Usicheke," akasema.

"Sicheki. Shika jeki."

Tuliishusha giaboksi jioni ile, na Ijumaa asubuhi tukaifungua mezani. Nilifanya kazi polepole. Loren alipokea kila kipande na kukiweka kwenye taulo kwa mpangilio, bila kuuliza, na nikafahamu kwamba alikuwa akitazama miaka yote ile niliyodhani hatazami. Nilitoa ngoma. Nikatoa sahani, nikabana springi, nikavuta pistoni.

Sili ilikuwa imekatika mahali pamoja, upana wa ukucha. Pembeni yake, kwenye chuma, kulikuwa na mikwaruzo midogo ya waya, mingi, yote mahali pale pale. Alikuwa amejaribu na kujaribu tena kuirudisha ndani. Saa nzima ile niliyokuwa nageuza uso, mtu yule alikuwa anapigana.

"Ndiyo hii?" Loren akauliza.

"Ndiyo hii."

Aliishika kwenye kiganja. Nilidhani atalia, lakini aliuliza tu, "Mpya inaingiaje?"

Nilimpa waya, nikamwonyesha. Mara ya kwanza alikunja mdomo wa sili, nikamwambia ana mikono ya karani. Akasema mikono ya karani ndiyo iliyonilipia bima paa langu lilipong'olewa na upepo. Mara ya pili ikaingia. Nilirudisha sahani, nikaweka ngoma mahali pake, nikachukua bomba la kompresa. Nikapuliza. Klachi ikagonga mara moja, ikashika, ikanyamaza kabisa. Loren aliniomba nirudie. Nikarudia mara tatu, na hakuna mmoja wetu aliyetaka kuliweka bomba chini.

Jumamosi kulikuwa na baridi na jua. Pontiac ilifuata nyuma ya jeneza, paa limekunjwa, Mavis ameketi mbele na koti lake jeusi na skafu, Loren usukanini. Tulikuwa magari thelathini na moja. Gia zake zote zilipita bila mtu kuzisikia, na huo ndio usafi wenyewe.

Kaburini mchungaji alisoma, kisha akasema anayetaka kusema neno aseme. Watu walisema. Mmoja alisema Delbert hakuwahi kumkasirikia mtu, nikatazama chini. Mwingine alisema hajawahi kukosea kazi hata siku moja. Wendell Oakes, ambaye amekuwa mshindani wetu tangu enzi, alijifuta macho akasema, "Hata gari lake leo, sikilizeni lilivyokuja. Kazi ya mwisho ya mikono yake. Safi kabisa." Wote wakaitikia kwa vichwa, na Mavis akanyanyua uso akapokea sifa ile.

Ningeweza kuiacha. Loren alinitazama, hakunipa ishara yoyote. Nilijua nikinyamaza itabaki hivyo milele, fundi asiyekosea, na hakuna atakayedhurika. Lakini nilikuwa nimeshamnyamazia mara moja. Niliondoka kwenye mstari nikasimama karibu na jeneza, na sikusema na watu, nilisema naye.

"Delbert," nikasema, "nimeipima klachi yako. Ilikuwa inavuja."

Mtu alivuta pumzi nyuma yangu. Wendell akasema, "Ardith, kwa jina la Mungu."

"Sili ya nje, umeikata upande wa chini. Nimetoa, nimetia mpya. Ameitia Loren, na mara ya kwanza aliharibu. Nimepuliza mara tatu. Ilitakiwa nipulize mwezi wa tisa, wewe ukiwa umekaa pale. Ungefungua ukarudia. Nilikosa mimi."

Nilisikia nyasi zinakanyagwa, na Mavis akawa kando yangu. Nilijiandaa kwa kofi, na ningelipokea.

Alikuwa analia, lakini hakuwa na hasira. "Wiki nzima," akasema polepole, "watu wananiletea keki na kunizikia malaika nisiyemjua." Akaweka mkono juu ya jeneza. "Alinisimulia, Ardith. Usiku ule alikaa kitandani akaniambia, 'Nimeikata sili, Mavis, na hakuna mtu wa kunifokea.' Sikujua la kumjibu. Mimi sijui sili."

Alinishika mkono, akaubana kwa nguvu ambayo sikumdhania.

"Mfokee sasa," akasema.

Nikamfokea. Nilimwita mzee mjinga, mwenye kiburi, mwenye mikono ya mbao, na mengine ambayo mchungaji alijifanya hayasikii. Nilimfokea kwa matusi yote aliyonifundisha, mpaka nikaishiwa, na Mavis akaniambia imetosha, amesikia, tumshushe.